Mwongozo kamili wa kukagua msimbo wa draiva ya Ethernet ndani ya kerneli ya Linux

Draiva ya Ethernet ina tabia moja inayowapoteza wakaguzi wengi: mapema sana huonekana imekamilika. Mwandishi anaiwasha kwenye bodi, ping inarudi, iperf3 inatoa kasi inayoridhisha, na kiraka kinatumwa. Makosa yenyewe yamelala mahali ambapo ping haifiki: foleni inapojaa, kumbukumbu inapokosekana, kebo inapochomolewa katikati ya kutuma, prosesa mbili zinapogusa pete moja (foleni ya mzunguko ya bafa) kwa wakati mmoja. Ukiusoma msimbo wa aina hii kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho kama gazeti, utasahihisha majina na nafasi, na ya maana yatakupita.

Ninachokipendekeza ni kufuata umiliki. Kila bafa na kila deskripta (rekodi inayoiambia chipu bafa iko wapi) ina mwenyewe kwa wakati fulani, ama prosesa ama chipu. Swali la mkaguzi ni lile lile kila mahali: kitu hiki sasa ni cha nani, na kilikabidhiwa kwa utaratibu gani? Mwongozo huu unahusu kerneli ya Linux, vidhibiti vilivyomo ndani ya SoC (chipu moja yenye mfumo mzima) za bodi ndogo, na vile vinavyounganishwa kwa SPI (basi dogo la nyaya chache). Nachukulia unasoma C bila shida na umewahi kuchungulia folda ya `drivers/net/ethernet`.

## Hatua ya 1: Jua chipu kabla ya kujua msimbo

Usifungue kiraka kwanza. Tafuta kitabu cha chipu, na ndani yake au pembeni yake tafuta orodha ya kasoro zinazojulikana za chipu hiyo. Anza na hiyo orodha ya kasoro. Mfano mzuri ni ENC28J60, chipu ya SPI ya 10 Mb/s yenye bafa ya ndani ya KB 8. Kitabu chake kinaeleza rejista ya ERXRDPT kwa upole, lakini orodha ya kasoro inasema rejista hiyo iandikwe namba witiri tu, la sivyo bafa ya kupokelea inaweza kuharibika. Mkaguzi ambaye hajaisoma ataona hesabu ya ajabu ya kutoa moja ndani ya draiva na kudai iondolewe.

Swali la pili ni je, draiva ya kidhibiti hiki haipo tayari? SoC nyingi hazina kidhibiti chake binafsi. Mtengenezaji hununua usanifu wa Synopsys DesignWare, ambao kwenye Linux unahudumiwa na stmmac, au wa Cadence unaohudumiwa na macb, kisha anauzungushia rejista chache za kloki na za kuchagua aina ya kiolesura. Linganisha ramani ya rejista. Zikilingana, jibu la ukaguzi ni fupi: andika kipande kidogo cha kuunganisha SoC yako na draiva iliyopo, maana draiva ya pili ya usanifu ule ule haitapokelewa. Ni heri aambiwe hivyo siku ya kwanza kuliko baada ya matoleo sita ya kiraka.

## Hatua ya 2: Acha mashine ifanye kazi ya mashine

Kabla ya kutumia macho yako, endesha `scripts/checkpatch.pl --strict`, kisha jenga kwa `make W=1 C=1`. Herufi C hapo huita sparse, programu inayokagua msimbo bila kuuendesha, na kwenye draiva za mtandao sparse ina thamani kubwa kwa sababu moja: mpangilio wa baiti. Sehemu za deskripta zinazosomwa na chipu zinapaswa kutangazwa `__le32` au `__be32`, si `u32`. Zikitangazwa hivyo, sparse itapiga kelele kila mahali ambapo mwandishi amesahau `cpu_to_le32()`. Zikitangazwa `u32`, kimya. Ukiona `u32` ndani ya struct ya deskripta, hilo ni la kurudisha, hata kama bodi ya mwandishi haijawahi kuona tatizo.

Hakikisha pia draiva inajengeka kwa `COMPILE_TEST` kwenye mashine ya biti 64. Draiva iliyoandikiwa ARM ya biti 32 mara nyingi huficha kielekezi ndani ya `u32`, na kompaila ya biti 64 huifichua bila huruma.

Mambo ya mtindo, kama kupanga vigeu vya ndani kuanzia mstari mrefu hadi mfupi, ni desturi ya sehemu ya mtandao ya kerneli na yanafaa kutajwa. Lakini yataje mwishoni. Mwandishi akipata maoni arobaini ya mtindo na moja la kumbukumbu, atarekebisha arobaini.

## Hatua ya 3: Kuzaliwa na kufa kwa draiva

Soma `probe` na `remove`, zinazoitwa draiva inapounganishwa na inapotenganishwa na kifaa, ukiziweka sambamba. Jambo la kwanza ni nafasi ya `register_netdev()`. Mara tu funksheni hiyo inaporudi, na hata kabla haijarudi, mtu anaweza kuiwasha interface na `ndo_open` ikaitwa. Kwa hiyo kila kitu ambacho `ndo_open` inakihitaji lazima kiwe tayari: kloki, kufuli, NAPI (utaratibu wa kushughulikia pakiti kwa mafungu badala ya intarapti kwa kila moja), MDIO (basi la kuzungumza na PHY, chipu inayoendesha kebo). Nikikuta mstari wa kuandaa kitu chini ya `register_netdev()` husimama hapo hapo na kuuliza. Kinyume chake, `remove` ianze na `unregister_netdev()`, ndipo mengine yafuate.

Mtego unaopita wakaguzi wengi uko kwenye mchanganyiko wa devm (rasilimali ambazo kerneli huziachilia yenyewe) na kumbukumbu ya kawaida. Mwandishi anaomba intarapti kwa `devm_request_irq()`, lakini `net_device` ameiomba kwa `alloc_etherdev()` na anaiachia kwa `free_netdev()` ndani ya `remove`. Vitu vya devm huachiliwa baada ya `remove` kumaliza. Maana yake kuna kipindi ambacho intarapti bado iko hai huku data yake binafsi imeshaachiliwa, na kama intarapti inashirikiwa na kifaa kingine, hicho si kipindi cha kufikirika. Aidha atumie `devm_alloc_etherdev()` ili mpangilio wa kuachilia ugeuke wenyewe, au aombe intarapti ndani ya `ndo_open` na kuiachia ndani ya `ndo_stop`. Mimi napendelea la pili kwa vidhibiti vya SoC, kwa kuwa interface iliyozimwa haina sababu ya kuwa na intarapti.

Kisha kloki. Kwenye SoC nyingi za ARM, kusoma rejista ya kidhibiti ambacho kloki yake imezimwa hakurudishi sifuri. Hugandisha basi au kuangusha kerneli. Pitia kila njia inayogusa rejista wakati interface imezimwa: ethtool inayochapa rejista, MDIO, kubadilisha anwani ya MAC. Draiva ikitumia runtime PM (kuzima na kuwasha kifaa kulingana na matumizi), angalia `pm_runtime_get_sync()`: huongeza hesabu hata inaposhindwa, na wengi husahau kuirudisha. `pm_runtime_resume_and_get()` haina kero hiyo.

Anwani ya MAC inastahili dakika moja. `of_get_ethdev_address()` inaweza kurudisha `-EPROBE_DEFER` kwa sababu kumbukumbu ya nvmem yenye anwani haijawa tayari. Draiva inayochukulia kila hitilafu kuwa ni "hakuna anwani" na kukimbilia `eth_hw_addr_random()` itaipa bodi anwani mpya kila inapowashwa, na anayeteseka ni msimamizi wa DHCP ambaye hata hajui draiva ni nini.

## Hatua ya 4: Njia ya kutuma, mstari kwa mstari

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Tazama kipande hiki, cha aina inayoonekana mara kwa mara katika toleo la kwanza la kiraka (`skb` ni pakiti, na `DESC_OWN` ni biti inayoikabidhi chipu deskripta):

```c
dma = dma_map_single(dev, skb->data, skb->len, DMA_TO_DEVICE);
desc->addr = cpu_to_le32(dma);
desc->ctrl = cpu_to_le32(skb->len | DESC_OWN);
writel(TX_START, priv->base + REG_TX_CMD);
priv->tx_skb[i] = skb;
ndev->stats.tx_bytes += skb->len;
return NETDEV_TX_OK;
```

Mistari saba, makosa manne, na kwenye bodi ya mwandishi pakiti zinatoka vizuri kabisa.

La kwanza: hakuna `dma_mapping_error()`. Kwenye mfumo wenye IOMMU (maunzi yanayotafsiri anwani za vifaa), au unaotumia bafa za kupitishia, kuunganisha kunaweza kushindwa, na chipu itapewa anwani isiyo na maana.

La pili: hakuna kinachozuia biti ya OWN kuonekana kabla ya anwani. Kompaila na prosesa wana ruhusa ya kupanga upya maandishi mawili ya kumbukumbu. Chipu ambayo tayari inazunguka kwenye pete haisubiri `writel()`. Ikiona OWN inachukua deskripta hapo hapo, na anwani iliyomo inaweza kuwa ya pakiti iliyopita. Panahitajika `dma_wmb()` kati ya mistari hiyo miwili. Kumbuka kwamba `writel()` yenyewe ina kizuizi kinachohakikisha maandishi ya kumbukumbu yametangulia, lakini `writel_relaxed()` haina. Ukiona mwandishi amebadilisha ya kwanza kwa ya pili "kwa ajili ya kasi" kwenye mstari wa kuiamsha chipu, mwombe aeleze ni nini sasa kinacholinda mpangilio.

La tatu: `tx_skb[i]` inajazwa baada ya chipu kuamshwa. Prosesa nyingine inaweza kupokea taarifa ya kumaliza kutuma kabla ya mstari huo, ikakuta kielekezi cha zamani.

La nne ndilo ninalolitafuta kwanza kwa mazoea: `skb->len` inasomwa baada ya makabidhiano. Pakiti inaweza kuwa imeshatumwa na skb imeshaachiliwa upande wa pili. Ni kusoma kumbukumbu iliyoachiliwa, ndani ya njia inayopitwa mara laki kadhaa kwa sekunde. Baada ya OWN kuandikwa, skb si yako tena; urefu uhifadhiwe mapema.

Mpangilio ulio sawa unakuwa hivi:

```c
len = skb->len;
dma = dma_map_single(dev, skb->data, len, DMA_TO_DEVICE);
if (dma_mapping_error(dev, dma)) {
	dev_kfree_skb_any(skb);
	ndev->stats.tx_dropped++;
	return NETDEV_TX_OK;
}
priv->tx_skb[i] = skb;
desc->addr = cpu_to_le32(dma);
skb_tx_timestamp(skb);
netdev_sent_queue(ndev, len);
dma_wmb(); /* anwani ionekane kabla ya OWN */
desc->ctrl = cpu_to_le32(len | DESC_OWN);
writel(TX_START, priv->base + REG_TX_CMD);
```

Ona kinachorudishwa pakiti inapotupwa: `NETDEV_TX_OK`. Ukirudisha `NETDEV_TX_BUSY` unaiambia kerneli kwamba skb bado ni yake na itaileta tena. Draiva inayoachilia skb kisha ikarudisha BUSY imepanda bomu. Kama pakiti ina vipande kadhaa, OWN ya deskripta ya kwanza iandikwe mwisho kabisa, baada ya nyingine zote, na kushindwa kwa kipande cha tatu lazima kuvunje muunganisho wa cha kwanza na cha pili. Njia hiyo ya kurudi nyuma karibu haijaribiwi na mtu yeyote, kwa hiyo isome kwa kalamu na karatasi.

Pakiti fupi nazo zina historia. Fremu ya Ethernet haipungui baiti 64, yaani 60 bila FCS (baiti 4 za mwisho za kukagua makosa). Chipu isiyojaza yenyewe inahitaji draiva ijaze, na ijaze sifuri. Draiva nyingi za zamani zilirefusha urefu tu na kuacha chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu kitoke nje; udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2003-0001. Siku hizi `skb_put_padto(skb, ETH_ZLEN)` inatosha, ila ikishindwa huiachilia skb yenyewe. Draiva inayoita `dev_kfree_skb` baada yake inaachilia mara mbili.

Kisha foleni inapojaa. `ndo_start_xmit` inaona nafasi zimekwisha, inaita `netif_stop_queue()`. Wakati huo huo, prosesa nyingine imemaliza kusafisha pete yote na kuangalia kama foleni imesimama, ikakuta bado haijasimama, ikaondoka. Sasa foleni imesimama, pete iko tupu, na hakuna atakayeiamsha hadi watchdog ibweke, kwa kawaida baada ya sekunde 5. Dawa ni kusimamisha, kuweka `smp_mb()`, kuangalia nafasi upya, na kuiamsha kama imepatikana. Upande wa kusafisha nao uwe na kizuizi chake kati ya kusogeza mkia na kuangalia foleni. Makro za `netif_txq_maybe_stop()` upande wa kutuma na `netif_txq_completed_wake()` upande wa kusafisha zimekusanya haya yote, na kumshauri mwandishi azitumie ni rahisi kuliko kubishana juu ya vizuizi vyake.

Mwishowe BQL, hesabu ya kerneli ya baiti zilizo kwenye foleni ya kutuma. Kila `netdev_sent_queue()` iwe na `netdev_completed_queue()` yenye jumla ile ile ya baiti, na pete ikisafishwa kwa nguvu wakati wa kuzima, `netdev_reset_queue()` iitwe. Hesabu zisipolingana foleni huganda, na dalili yake ni ya kuudhi: interface inafanya kazi mara ya kwanza tu, ukiizima na kuiwasha inanyamaza.

## Hatua ya 5: Intarapti na NAPI

Kwenye 1 Gb/s, pakiti ndogo kabisa zinaweza kufika 1,488,095 kwa sekunde, moja kila nanosekunde 672. Hakuna prosesa ya bodi ndogo itakayohimili intarapti moja kwa kila pakiti, ndiyo maana NAPI si hiari. Mwishoni mwa funksheni ya poll unatafuta umbo hili:

```c
if (done < budget && napi_complete_done(napi, done))
	chip_irq_enable(priv);
return done;
```

Kila sehemu ina sababu. Kama `done` imefikia bajeti, usiite complete hata kama pete imeisha. Rudisha bajeti kamili na utaitwa tena. Kama `napi_complete_done()` imerudisha uongo, intarapti zibaki zimefungwa. Na bajeti inaweza kuwa sifuri: netpoll, inayotumiwa na netconsole, huita poll hivyo ili kusafisha upande wa kutuma peke yake, kwa hiyo draiva isipokee hata pakiti moja. Kazi ya kusafisha Tx haihesabiwi ndani ya `done`.

Upande wa mshughulikiaji wa intarapti, uliza lini biti za hali zinafutwa. Zifutwe kabla ya kuchunguza pete. Zikifutwa baada, pakiti iliyofika katikati inafutiwa taarifa yake na kubaki kwenye pete hadi nyingine ije kuisukuma. Kwenye mtandao wenye shughuli nyingi huwezi kuliona kosa hili. Utaliona usiku mtandao ukiwa mtulivu, ping moja ikichukua sekunde nzima.

## Hatua ya 6: Njia ya kupokea

Mpangilio ni kioo cha kutuma: soma OWN, weka `dma_rmb()`, ndipo usome urefu na hali. Bila kizuizi hicho unaweza kupata OWN mpya na urefu wa zamani.

Urefu wenyewe usiuamini. Umeandikwa na chipu, na chipu ina kasoro. Hakikisha hauzidi ukubwa wa bafa, na kwamba haupungui 4 kabla ya kutoa FCS. Kigeu kisicho na alama kikitolewa 4 kutoka 2 kinakuwa namba ya mabilioni na `skb_put()` inaiangusha kerneli. Kwa MTU ya 1500, bafa ibebe angalau baiti 1522: kichwa 14, lebo ya VLAN 4, FCS 4. Wengi hutumia 1536 na hakuna ubaya. Draiva ikiongeza `max_mtu`, fuatilia kama ukubwa wa bafa nao unafuata.

Kumbukumbu ikikosekana, utaratibu ni mmoja: omba bafa mpya kwanza, na ukiikosa, tupa pakiti iliyofika, ongeza `rx_dropped`, rudisha bafa ya zamani kwenye pete. Draiva inayopeleka pakiti juu kwanza na kutafuta bafa baadaye itaacha mashimo kwenye pete, na mashimo yakienea kupokea kunasimama moja kwa moja.

Kuhusu kache: SoC nyingi za ARM hazisawazishi kache na DMA kwa maunzi, ilhali kompyuta za x86 husawazisha. Msimbo uliosahau `dma_sync_single_for_cpu()` hupita majaribio yote ya x86 na kuleta data chafu kwenye bodi. Angalia pia urefu unaopewa `dma_unmap_single()`: uwe ule ule uliotumika kuunganisha, si urefu wa pakiti iliyopokelewa.

`CHECKSUM_UNNECESSARY` iwekwe pale tu chipu ilipothibitisha checksum ya pakiti. Hilo halihitaji maelezo zaidi.

## Hatua ya 7: Kufuli, kulala, na mkwamo wa rtnl

Jiulize kila funksheni inaitwa katika mazingira gani. `ndo_start_xmit` na `ndo_set_rx_mode` haziruhusiwi kulala. Kwa kidhibiti cha SoC hilo ni jepesi. Kwa chipu ya SPI ndiyo mzizi wa fitina, kwa sababu kila kusoma rejista kupitia SPI kunaweza kulala. Draiva ya SPI lazima iweke pakiti pembeni, isimamishe foleni, na kuachia workqueue (foleni ya kazi, ziitwazo work, zinazoruhusiwa kulala) ifanye kazi. Intarapti yake iwe ya uzi. Bafa zinazopewa SPI zisiwe za stack.

Sasa mkwamo ambao nadhani kila mkaguzi wa draiva za mtandao anapaswa kuutambua kwa macho yaliyofumba nusu. `ndo_tx_timeout` inaitwa mahali pasipolalika, kwa hiyo draiva hupanga work ya kuanzisha chipu upya. Work hiyo, kwa haki kabisa, inachukua `rtnl_lock()`, kufuli kuu la mipangilio ya mtandao. Kisha mwandishi mwangalifu anaongeza `cancel_work_sync()` ndani ya `ndo_stop`. Lakini `ndo_stop` huitwa huku rtnl ikiwa imeshikwa: inasubiri work iishe, work inasubiri rtnl. Mashine haianguki, amri ya `ip link` inaganda, kisha kila amri nyingine ya mtandao inapanga mstari nyuma yake. Hamishia `cancel_work_sync()` kwenye `remove` baada ya `unregister_netdev()`, na ndani ya work, ukishapata rtnl, angalia `netif_running()` kabla ya kugusa chochote.

Katika work hiyo hiyo hesabu `napi_disable()`. Ikiitwa mara mbili bila `napi_enable()` katikati, hubaki ikisubiri milele.

## Hatua ya 8: PHY na mti wa vifaa

Draiva itumie phylib au phylink, maktaba za kerneli za kushughulikia PHY, isibuni yake. Kusubiri MDIO kuwe na kikomo, kwa mfano kupitia `readl_poll_timeout()`, na kurudishe `-ETIMEDOUT`. Kitanzi cha `while` kisicho na mwisho kitagandisha bodi siku PHY itakapokosa umeme. Kloki ya MDC isizidi 2.5 MHz kama hati ya PHY haijaruhusu zaidi, na igawanywe kutoka kloki halisi ya mfumo, si kwa namba iliyokaririwa kutoka bodi moja.

RGMII, kiolesura kati ya MAC (kidhibiti) na PHY, ni chanzo cha ugomvi usiokwisha. Inahitaji ucheleweshaji wa takriban nanosekunde 2 kati ya kloki na data. `rgmii` kwenye mti wa vifaa (faili inayoielezea kerneli maunzi ya bodi) maana yake ni kwamba nyaya za bodi ndizo zinazochelewesha. `rgmii-id` maana yake PHY inachelewesha pande zote mbili. Draiva ya MAC inayoongeza ucheleweshaji wake yenyewe lazima ibadilishe aina inayoipa PHY, vinginevyo ucheleweshaji unakuwa maradufu. Dalili: linki inapanda kwa 1 Gb/s lakini pakiti hazipiti, na kwa 100 Mb/s kila kitu ni shwari.

Maelezo ya mti wa vifaa yawe ya YAML na yapite `make dt_binding_check`. Yasome kama mkataba: sifa ikishaingia humo ni vigumu kuiondoa.

## Hatua ya 9: Omba ushahidi

Mwombe mwandishi ajenge kerneli yenye `PROVE_LOCKING`, `DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, `DMA_API_DEBUG`, KASAN na kmemleak, kisha afanye haya na kuleta matokeo: kuwasha na kuzima interface kwa kitanzi huku iperf3 ikiendelea pande zote mbili, kutenganisha na kuunganisha draiva kupitia sysfs kwa kitanzi, kuchomoa kebo katikati ya mzigo, kubadilisha MTU interface ikiwa juu, kulaza na kuamsha mfumo. Ongeza ping ya IPv6. Ugunduzi wa majirani kwenye IPv6 hutegemea multicast, kwa hiyo kichujio kilichokosewa ndani ya `ndo_set_rx_mode` huiacha IPv4 ikiwa salama na kuiua IPv6 kimyakimya.

## Hatua ya 10: Kuandika maoni

Usiandike "hapa pana mashaka". Andika njia inayofika kwenye kosa: "CPU0 iko ndani ya xmit, imeshaandika OWN, CPU1 inaingia poll, inakuta OWN imeondoka, inaachilia skb, CPU0 inasoma `skb->len`." Mwandishi hawezi kubishana na hadithi ya namna hiyo bila kuonyesha ni wapi inakatika, na akionyesha, nawe umejifunza chipu. Tenganisha wazi lile linalozuia kiraka na lile ambalo ni maoni tu.

Kiraka kinachorekebisha kosa lililomo tayari ndani ya kerneli kiwe na mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za kwanza za commit husika na kiende kwenye tawi la net. Draiva mpya inaenda net-next. `Reviewed-by` itoe kwa msimbo ulioufuatilia, na kama umepitia njia ya kutuma pekee, sema hivyo.

Toleo la pili likija, usisome tena yote kwa uchovu. Endesha `git range-diff` kati ya matoleo mawili na usome tofauti, ukiangalia zaidi mistari iliyosogezwa kuliko iliyoongezwa. Kizuizi cha `dma_wmb()` ulichokiomba kinaweza kuwa kimewekwa, lakini mstari mmoja chini ya pale kilipohitajika.